Watafute Babu Zako Penye Ugomvi

Kama ukoo wenu haujawahi kugombania ardhi, nakupa pole, maana huenda hakuna karatasi inayowataja. Ndivyo ninavyowaambia vijana wanaonijia hapa Nyegezi, Mwanza, na daftari jipya mkononi, wakitaka kuandika kitabu cha ukoo kabla wazee hawajaisha. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi za ardhi za kanda yetu mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kutoa jalada, kulifuta vumbi na kulirudisha mahali pake, lakini karani wa masjala asiyesoma majalada ni kama mpishi asiyeonja. Nilisoma. Nikaona kwamba mtu wa kando ya Ziwa Victoria huandikwa mara chache sana akiwa katika amani. Huandikwa anapodaiwa kodi, anapohamishwa, anapouza, anapokufa akaacha ng'ombe na majaruba ya mpunga, na zaidi ya yote anapokuwa amevuka mpaka wa jirani.

Wengi huanza kwa kuuliza hatimiliki. Wanaamini kila ardhi ina hati, na ndani ya kila hati kuna babu. Ardhi ya Usukuma haikuandikwa hivyo. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kaizari wa Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni lake la Afrika Mashariki ni mali ya dola. Madai ya watu binafsi, ya watemi na ya jumuiya za wenyeji yalikubaliwa kwenye maandishi ya amri hiyo, ila mdai alitakiwa kuyathibitisha. Mmisheni alikuwa na karatasi. Mwenye duka alikuwa na karatasi. Mkulima wa Nera au Usmao alikuwa na uzio wa minyaa alioupanda baba yake, na minyaa haisomeki mezani kwa bwana shauri.

Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, na mwaka 1923 wakatunga sheria yao. Ardhi yote ikawa chini ya gavana, naye akawa anagawa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Ilipofika 1928 wakaongeza kwamba mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila na desturi ahesabiwe kuwa na haki hiyo pia. Ahesabiwe tu, hakuna aliyetumwa kupita kijiji kwa kijiji kumwandika. Babu zetu wakaishi na haki isiyo na karatasi mpaka Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilipoanza kutumika Mei 2001 na kuleta hati ya hakimiliki ya kimila pamoja na masjala ya ardhi ya kijiji. Kwa hiyo kijana anayetafuta hati ya babu yake ya mwaka 1935 kule Misungwi anatafuta kitu ambacho serikali haikukitengeneza.

Mjini habari ni nyingine. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na viwanja vya katikati ya mji vikawa na thamani ambayo mtu alikuwa tayari kuiandikia barua. Jalada la kiwanja cha zamani huanzia nyuma kuja mbele: ukurasa wa chini kabisa ndio barua ya maombi, juu yake mchoro wa mpimaji wenye namba za bikoni, kisha masharti ya ujenzi, kisha madai ya kodi ya ardhi mwaka hadi mwaka, kisha rehani, kisha kifo. Mwenye kiwanja akifa, jalada hunenepa. Zinaingia barua za wakili, jina la mjane, majina ya watoto kwa kufuata umri, na mara nyingine mtoto mmoja anayeandika kutoka Bombay kupinga wenzake. Sijui kitu kingine kinachoiweka familia nzima kwenye ukurasa mmoja kwa namna hiyo.

Majalada mengi ya aina hiyo ni ya Wahindi, kwa sababu ndio waliojenga maduka ya katikati ya mji. Aprili 1971 ikapitishwa Sheria ya Kutwaa Majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na serikali na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, ambaye mali zake zilikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba iliyozidi umri wa miaka kumi haikulipiwa fidia. Familia nyingi zilihama nchi baada ya hapo, na wajukuu wanakuja siku hizi kutoka Uingereza na Kanada, wanasimama mtaa wa Makoroboi wakipiga picha mwaka ulioandikwa kwa saruji juu ya baraza. Nawaonea huruma kwa nyumba, ila kwa upande wa historia wao wamebahatika kuliko mimi. Nyumba iliyotwaliwa ina jalada, na mtu aliyenyang'anywa huandika barua ndefu kuliko mtu aliyepewa.

Sasa turudi shambani, kwa wasio na viwanja. Kwa desturi ya Kisukuma ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na aliyeigawa alikuwa mwanangwa wake, yaani mkuu wa kijiji. Aliyehama aliiacha, ikarudi kwa mwanangwa, akapewa mwingine. Hans Cory, yule mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kilichotoka 1953, na makaratasi yake mengi yako Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayejua kusoma Kiingereza cha kiserikali akayasome. Lakini Cory anakuambia kanuni. Hakuambii babu yako alikuwa nani.

Anayekuambia ni karani wa mahakama ya mtemi. Kuanzia miaka ya 1920 watemi walipewa mahakama zinazotambuliwa na serikali, na makarani wao waliandika mashauri kwa Kiswahili, kwa mkono, katika vitabu vikubwa. Mashauri yalikuwa ya ng'ombe wa mahari, ng'ombe waliopotea, ng'ombe walioingia shambani, kisha mipaka. Utemi ulipofutwa mwaka 1963 na Mahakama za Mwanzo kuchukua nafasi, vitabu hivyo havikuhama kwa mpango mmoja. Vingine vilikwenda wilayani, vingine vikafika Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam, vingine vililiwa na mchwa. Ukikipata cha eneo lenu, usitafute jina la babu yako kwenye safu ya mdai na mdaiwa peke yake. Soma mashahidi. Shahidi huulizwa kwanza yeye ni nani kwa mdai, na jibu lake ndilo ukoo: mimi ni kaka yake kwa mama, mimi ni mkwewe, mimi nililelewa na baba yake.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote haikutoka ofisi yoyote. Iko kwetu Magu, kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la bati la marehemu baba, pamoja na stakabadhi za pamba na kadi yake ya chama. Ni ukurasa wa daftari la mistari, umeandikwa kwa kalamu ya bluu mwaka 1986, ukachanika kwenye mkunjo na kugandishwa kwa selotepu ambayo imegeuka rangi ya chai. Juu wameandika MAKUBALIANO YA SHAMBA na kupiga mstari mara mbili. Chini kuna alama za dole gumba sita na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji uliokosa wino upande mmoja. Katikati wameeleza mipaka: mashariki njia ya ng'ombe iendayo kisimani, kaskazini mkwaju na makaburi ya wazee, kusini mkonge uliopandwa mstari, magharibi shamba la mpwa wa marehemu.

Hapo kwa mpwa ndipo nilipokaa muda mrefu. Marehemu anayetajwa ni babu yangu, na mpwa ni mtoto wa dada. Kwetu hakuna aliyewahi kutuambia kwamba babu alikuwa na dada. Nikamuuliza shangazi yangu mkubwa, akacheka, akasema alikuwepo, aliolewa bila ng'ombe kulipwa, akarudi nyumbani na mtoto. Kwa mila yetu mtoto ambaye ng'ombe wa mama yake hawakulipwa ni wa kwao mama, anarithi kwao mama, na anabeba jina la kwao mama. Ndiyo maana pale kijijini kuna nyumba mbili zenye jina moja la babu, ambazo tulikua tukiambiwa "ni ndugu" bila maelezo. Simulizi za sebuleni zilikuwa zimemfuta yule bibi kwa adabu. Waliokuwa wanapima shamba hawakuwa na nafasi ya adabu: walihitaji kujua nani yuko magharibi.

Kwa nini karatasi hiyo iliandikwa 1986? Kwa sababu ya 1974. Operesheni Vijiji ilipofika mkoani Mwanza, watu waliondolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, iliyotaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ili kiandikishwe. Mahame, tunayoyaita matongo, yakabaki na minyaa yake na makaburi yake. Kisha katika miaka ya 1980 mkono ukalegea, watu wakaanza kurudi, kila mmoja akisema hili ni itongo la baba yangu, na kila mmoja akimkuta mwingine analima pamba juu yake. Vikao vikajaa, na mabaraza yakajaa. Serikali ilijaribu kuyamaliza kwa Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za mila za kabla ya kuhamishwa, lakini Mahakama ya Rufani mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay wa mkoa wa Arusha, ikasema haki ya mila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiondolewi bila fidia ya haki.

Kwa mwandishi wa ukoo, miaka ile ya kurudiana na kugombana ni hazina. Ili mtu arudishiwe itongo alipaswa kueleza mbele ya watu kwamba alizaliwa hapo, nani alimzaa, nani alimpa baba yake eneo hilo, mwanangwa gani alikuwepo, na nani amezikwa wapi. Mahakama ikihamia shambani, karani aliyahesabu makaburi na kuandika ya akina nani. Mtu wa kawaida wa Kwimba, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha historia, anajikuta ametaja vizazi vinne mbele ya hakimu, na upande wa pili umempinga jina kwa jina. Uongo mwingi ulisemwa, bila shaka. Lakini uongo uliopingwa na jirani aliyekua naye unaaminika zaidi kuliko ukweli wa kwenye mazishi, ambapo kila marehemu alikuwa mtu wa watu.

Nilisoma wakati fulani kuhusu Meksiko, jinsi wenzetu wale wanavyotafuta mababu kwa njia hii hii. Baada ya mapinduzi yao yaliyoanza 1910, Katiba ya 1917 ilifungua njia ya kuvunja mashamba makubwa na kuvigawia vijiji ardhi ya pamoja, wanayoiita ejido. Kijiji kilichoomba kilihesabiwa: wakuu wa kaya, umri, mke au mume, mifugo. Leo mjukuu aliyezaliwa Chicago anaikuta familia ya babu yake katika hesabu hiyo. Huko watu waliandikwa ili wapewe ardhi. Sisi orodha zetu za kaya nyingi ziliandikwa ili tuhame. Majina ni majina, hata hivyo. Ofisi ya kijiji kilichoandikishwa baada ya 1975, ambayo bado ina kabati lake, haistahili kupitwa.

Mume wangu ni Mhaya wa Muleba, na kwao mambo yamenyooka zaidi kwa sababu migomba haihami. Kibanja kinakaa na ukoo mmoja vizazi kwa vizazi, makaburi yako pembeni ya nyumba, na kila mti wa mpakani una mtu aliyeupanda. Kulikuwa na nyarubanja pia, ambapo mwenye eneo alikuwa na watu chini yake waliomtolea sehemu ya mazao na utumishi, mpaka sheria ya mwaka 1965 ikawapa wale waliokuwa wakilima umiliki wa walichokilima. Lakini shauri la Uhaya ambalo kila mwanamke wa kanda hii anapaswa kulijua lilimalizikia hapa Mwanza, Mahakama Kuu.

Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Uzeeni, bila mtu wa kumtunza, akaliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu Bernardo Ephrahim, mtoto wa nduguye, alikuwa Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ikamkubalia, ikaamuru fedha zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikapindua. Ephrahim akakata rufaa Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaitupa rufaa, akisema mila inayomzuia mwanamke kuuza anachoruhusiwa mwanamume inapingana na Katiba. Sheria ya Mila ya mwaka 1963 ilikuwa imemwachia mwanamke wa ukoo kutumia shamba tu, asiuze.

Wanasheria wanalisoma shauri hilo kwa ajili ya haki za wanawake, na ni halali yao. Mimi nalisoma kama karani. Baba aliyeandika wosia, binti aliyerithi, mpwa aliyepinga, mnunuzi aliyetoka nje ya ukoo: familia nzima iko ndani ya hukumu, na mwanamke ndiye yuko katikati kwa jina lake mwenyewe. Katika majalada yote niliyoshika, mwanamke wa shambani wa kabla ya 1999 alikuwa "mke wa marehemu" au "mama wa watoto". Aliyetajwa kwa jina alikuwa amegombana na mtu.

Kuhusu majina, jihadhari. Usukumani kuna Masanja bin Mabula na Mabula bin Masanja katika kila kitongoji, na wawili kati yao wanaweza kuwa mtu na mjukuu wake. Karani mmoja aliandika Ng'wa, mwingine Mwa, mwingine aliyetoka pwani akaandika alivyosikia. Mtu aliyebatizwa misheni ya Bukumbi aliweza kuitwa Petro kanisani, jina la nyumbani kwenye kodi, na jina la utani kwenye mauziano ya shamba. Usimfuate mtu kwa jina. Mfuate kwa mipaka. Majina hubadilika, lakini kisima, mlima na jirani wa upande wa magharibi hubaki walewale kutoka karatasi hadi karatasi.

Kwa shamba au kiwanja kilichosajiliwa, omba upekuzi kwa msajili wa hati. Lipa ada, peleka namba kamili, utapata taarifa ya miliki na rehani zilizowahi kuandikwa. Ya zamani zaidi yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na majalada ya Wajerumani, ila ujue kwamba mwandiko wa karani wa Kijerumani unamshinda hata Mjerumani wa leo. Vile vitabu vya wilaya vya Waingereza vina orodha za watemi na wanangwa, hivyo vinamfaa aliyetoka katika nyumba ya kitemi. Wengine tuanze kwa mtendaji wa kijiji, kisha Mahakama ya Mwanzo, kisha lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha shangazi.

Na kuna karatasi inayotengenezwa kila wiki katika mkoa huu bila mtu kuifikiria kuwa ni historia. Mtu akifa na kuacha mali, ukoo hukaa, humteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na fomu. Muhtasari huo una majina ya waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu. Nimeona ya kurasa tano, safi kama sajili ya kanisa, na nimeona ya mistari saba inayosema "wanandugu wote walikubaliana", bila kutaja hata mmoja wao.

Msiandike hivyo. Mkikaa kikao cha ukoo, mpeni kalamu mwenye mwandiko mzuri, asiwe mrithi. Waandikeni watoto wote, na binti walioolewa kwa majina yao na kijiji walikoolewa. Andikeni mama wa kila mtoto, hata kama ng'ombe hawakulipwa. Andikeni shamba linapakana na nani pande zote nne. Toeni nakala kabla ya kwenda mahakamani, na mmoja wenu aikabidhi kwa mtu wa ukoo asiye na sehemu katika mirathi hiyo.